Moyo ukisimama katika chumba cha upasuaji: Ni nani hupona, na kwa nini?

MTU anapoambiwa na daktari kwamba ni lazima apasuliwe, swali la kwanza linalomjia aghalabu si la gharama wala si la kovu atakalobaki nalo. Ni hili: "Je, nitaamka?" Wachache hulitamka. Wengi hulimeza, huitikia kwa kichwa, huomba ruhusa ya kwenda nyumbani kujiandaa, na hawaonekani tena hospitalini mpaka siku wanapoletwa usiku wa manane wakiwa wamebebwa.

Hofu hiyo haikuzuka bure. Karibu kila mtaa una hadithi ya mtu aliyeingia thieta kwa miguu yake na akatolewa amefunikwa shuka. Jamaa waliokuwa wakingoja nje huambiwa, "Moyo ulisimama," na maneno hayo mawili huwaacha na maswali ambayo pengine hawapati wa kuwajibu.

Leo, mpenzi msomaji, tutayafungua maneno hayo. Tutaona maana yake, sababu zake, na kwa nini baadhi ya wagonjwa ambao mioyo yao husimama mezani hufufuliwa na kurudi nyumbani ilhali wengine hawarudi. Utaona pia kwamba mengi yanayoamua jambo hilo hutendeka kabla kisu hakijagusa ngozi, na kwamba baadhi ya hayo yamo mikononi mwako wewe mgonjwa na jamaa zako.

MAANA YA MOYO KUSIMAMA

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mshtuko wa moyo hutokea wakati mshipa unaopeleka damu kwenye nyama ya moyo unapoziba. Mgonjwa huumwa kifua na kutokwa na jasho jembamba, lakini kwa kawaida moyo wake bado unapiga. Moyo kusimama ni jambo jingine. Hapa moyo umeacha kabisa kusukuma damu. Mshtuko wa moyo unaweza kuufanya moyo usimame, lakini ndani ya thieta sababu nyingi za kusimama ni tofauti, kama tutakavyoona.

Damu isiposukumwa, ubongo ndio unaoumia mapema. Baada ya dakika nne au tano bila damu yenye oksijeni, chembe za ubongo huanza kufa, na zikifa hazioti tena. Kwa hiyo vita vya kumwokoa mgonjwa ni vita vya dakika.

Moyo pia hausimami kwa namna moja. Wakati mwingine nyama zake hutetemeka ovyo kama jongoo aliyemwagiwa maji, bila kusukuma chochote. Namna hii hutibiwa kwa mashine ya kushtua moyo kwa umeme. Wakati mwingine moyo hunyamaza kabisa, au mashine huonyesha kwamba umeme wa moyo ungalipo lakini ukigusa mshipa wa shingo hupati mpigo. Namna hizi mbili hazisikii umeme. Tiba yake ni kubonyeza kifua, kupiga sindano ya adrenalini na, zaidi ya yote, kuondoa kile kilichousimamisha moyo. Katika chumba cha upasuaji namna hizi ndizo nyingi. Kwa hiyo usidanganywe na sinema, ambamo kila mgonjwa huruka kitandani kwa umeme na kufumbua macho.

HUTOKEA MARA NGAPI?

Madaktari wa nusukaputi wa Uingereza walifanya uchunguzi mkubwa wa nchi nzima na kutoa matokeo yake mwaka 2023. Nusukaputi, kwa asiyejua, ni dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi mzito asihisi kisu. Waligundua kwamba moyo husimama kwa takriban mgonjwa 1 katika kila 3,000 wanaohudumiwa na madaktari hao. Walichunguza visa 881, na wagonjwa 3 katika kila 4 walifufuliwa hapo mwanzoni, ingawa baadhi yao walifariki baadaye.

Huko Marekani, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 uliangalia wagonjwa 2,524 ambao mioyo yao ilisimama wakati wa upasuaji au muda mfupi baada yake. Karibu thuluthi moja walitoka hospitalini wakiwa hai. Hii si idadi ya kufurahia, lakini pia si ya kukata tamaa. Mtu ambaye moyo wake unasimama sokoni au ndani ya matatu ana nafasi ndogo zaidi kuliko hiyo.

Nasi huku je? Mwaka 2018 jarida la Lancet lilichapisha uchunguzi uliofanywa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika, uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa. Wagonjwa hao walikuwa na umri mdogo kuliko wenzao wa mabara mengine, na maradhi mengine waliyokuwa nayo yalikuwa machache. Hata hivyo, waliofariki walikuwa takriban 2 katika kila 100, kiasi ambacho ni mara mbili ya wastani wa dunia. Kwa kina mama waliojifungua kwa upasuaji, takwimu za uchunguzi huo zilizotolewa mwaka 2019 zilionyesha vifo zaidi ya 5 katika kila 1,000, takriban mara 50 ya nchi tajiri.

Tafakari jambo hilo, msomaji. Miili ya Waafrika si dhaifu kuliko ya wengine. Tofauti iko kwenye kuchelewa kufika hospitalini, upungufu wa damu ya kuongezewa, uhaba wa wataalamu, na uangalizi hafifu baada ya upasuaji. Mambo hayo yote yanaweza kurekebishwa.

DUNIA ILIJIFUNZA NDANI YA THIETA

Upasuaji chini ya dawa ya usingizi ulianza kujulikana duniani mwaka 1846 mjini Boston, Marekani. Haikupita miaka miwili kabla ya msiba kutokea. Januari 28, 1848, msichana wa miaka 15 aitwaye Hannah Greener, wa kijiji kilicho karibu na Newcastle, Uingereza, alipewa klorofomu ili atolewe ukucha wa kidole cha mguu. Alifariki katika muda wa dakika chache. Tangu siku hiyo madaktari walijua kwamba hata upasuaji mdogo unaweza kuua, na kwamba anayetoa dawa ya usingizi hapaswi kumwondolea mgonjwa macho.

Lakini ni katika chumba hicho hicho ambamo binadamu alijifunza kuurudisha moyo. Mwaka 1901, mjini Tromsø, Norwe, daktari Kristian Igelsrud alifungua kifua cha mwanamke ambaye moyo wake ulisimama akipasuliwa, akaukanda kwa mkono mpaka ukapiga tena. Mwanamke huyo alipona. Mwaka 1947 mjini Cleveland, Marekani, daktari Claude Beck aliutuliza kwa umeme moyo uliokuwa ukitetemeka wa kijana wa miaka 14 aliyekuwa akipasuliwa kifua, naye kijana akarudi nyumbani.

Kisha mwaka 1960, William Kouwenhoven, James Jude na Guy Knickerbocker wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore walieleza kwamba hakuna haja ya kufungua kifua. Mikono miwili ikibonyeza katikati ya kifua kwa nguvu huweza kuisukuma damu hadi kwenye ubongo. Katika wagonjwa wao 20 wa mwanzo, 14 walipona. Hiyo ndiyo asili ya huduma ya kwanza ya kubonyeza kifua inayofundishwa leo hadi mashuleni.

NI NINI HUUSIMAMISHA MOYO MEZANI?

Sababu ya kwanza ni kupoteza damu nyingi. Katika uchunguzi wa Uingereza niliotaja, hii ndiyo iliyoongoza. Moyo ni pampu, na pampu haiwezi kusukuma kisichokuwamo. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua, majeruhi wa ajali ya bodaboda aliyepasuka wengu, mgonjwa mwenye uvimbe mkubwa wa tumbo la uzazi ambaye tayari ana upungufu wa damu: hao wote wako karibu na hatari hii.

Sababu ya pili ni hewa. Mgonjwa aliyelazwa kwa nusukaputi aghalabu hapumui mwenyewe. Daktari humpitishia mpira kooni na kumpumulia. Mpira ukikosa njia, ukiziba au ukichomoka bila kuonekana, oksijeni hupungua na moyo hufuata. Hatari nyingine ni chakula kupanda kutoka tumboni na kuingia mapafuni, kwa kuwa mtu aliyelala usingizi huo hana uwezo wa kukohoa.

Sababu ya tatu ni dawa zenyewe. Dawa za usingizi hushusha presha ya damu. Kwa mtu mwenye damu na maji ya kutosha mwilini jambo hilo si tatizo kubwa, lakini kwa aliyekauka kwa kutapika na kuharisha siku tatu, kipimo kile kile kinaweza kumwangusha. Sindano ya ganzi ya uti wa mgongo nayo hushusha presha, na ikipanda juu mno hupunguza mapigo ya moyo na kuzuia pumzi. Wapo pia wanaodhurika kwa mzio wa dawa, hasa dawa za kulegeza misuli na baadhi ya dawa za kuua viini.

Sababu ya nne ni moyo wenyewe: moyo uliopanuka, vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, mishipa ya moyo iliyoziba, au presha ya miaka mingi ambayo haikutibiwa.

Sababu ya tano ni chumvi za mwilini. Mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi hujaza potasiamu katika damu, na potasiamu ikizidi husimamisha moyo. Ndiyo maana mgonjwa wa figo hupimwa damu, na mara nyingi husafishwa damu kwa mashine kabla ya kupasuliwa.

Mwisho, kuna mishipa ya fahamu ambayo ikivutwa huuambia moyo upunguze mwendo. Hutokea daktari akivuta utumbo, akishika misuli ya jicho, au akijaza hewa tumboni ili afanye upasuaji wa matundu madogo. Mara nyingi tiba yake ni rahisi: daktari anaachilia alichokishika, mgonjwa anachomwa sindano ya atropini, na moyo unarudi.

WANAOPONA HUPONA KWA SABABU GANI?

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Mambo yanayoamua ni haya.

1. Hali ya mgonjwa kabla ya upasuaji. Wataalamu wa nusukaputi humpanga kila mgonjwa katika daraja. Daraja la 1 ni mtu mzima wa afya, na la 5 ni yule asiyetarajiwa kuishi bila upasuaji huo. Kadiri daraja linavyopanda, ndivyo uwezekano wa moyo kusimama unavyoongezeka na uwezekano wa kufufuka unavyopungua. Wazee sana na watoto wachanga walio chini ya mwaka mmoja pia wako katika hatari zaidi.

2. Dharura au mpango. Mgonjwa anayepasuliwa kwa mpango huja amepimwa, amefunga kula, presha na sukari zimetulizwa, na damu imetengwa. Anayepasuliwa kwa dharura huja na tumbo lililojaa, mwili uliokauka na pengine sumu ya viini katika damu. Chukua mfano wa ngiri. Ikitengenezwa mapema, ni kazi ndogo na mgonjwa anaweza kurudi kwake siku hiyo hiyo. Ikiachwa mpaka utumbo unase na kuoza, ni upasuaji mkubwa kwa mgonjwa mahututi. Mtu ni yule yule na ngiri ni ile ile, lakini hatari si ile ile. Kuogopa kisu na kukimbia mara nyingi hukirudisha kisu hicho kikiwa na hatari zaidi.

3. Chanzo cha moyo kusimama. Moyo uliosimama kwa sababu ya mshipa wa fahamu kuvutwa, mpira wa hewa kuziba, au mzio uliotambuliwa upesi, una nafasi nzuri ya kurudi kwa sababu chanzo huondolewa kwa dakika chache. Moyo uliosimama kwa sababu ya damu nyingi kupotea, au sumu ya viini iliyoenea mwilini, ni mgumu zaidi kuurudisha.

4. Muda uliopita kabla ya kutambuliwa. Hii ndiyo faida kubwa ya thieta. Mgonjwa ana kifaa kidogo kilichobanwa kidoleni kinachopima oksijeni na mapigo, ana nyaya kifuani, na presha yake inapimwa kila baada ya dakika chache. Mara nyingi moyo hauzimiki ghafla kama taa. Kwanza presha hushuka, mapigo hubadilika, oksijeni hupungua. Mtaalamu aliye macho huanza kutenda kabla moyo haujasimama. Mahali ambapo kifaa hicho cha kidole hakipo, au hakuna wa kukitazama, nafasi hiyo hupotea. Ndiyo sababu shirika la Lifebox lilianzishwa mwaka 2011 ili kuvifikisha vifaa hivyo katika hospitali zisizokuwa navyo.

5. Ubora wa kubonyeza kifua. Kifua cha mtu mzima hubonyezwa kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusitasita, na watu wakipokezana kabla hawajachoka. Wakati mmoja anabonyeza, mwingine anatafuta chanzo. Kwa mama mjamzito ambaye mimba imepita kitovu, tumbo husukumwa upande wa kushoto ili lisikandamize mshipa mkubwa wa damu, na moyo usiporudi upesi mtoto hutolewa ndani ya dakika tano hivi, kwani kumtoa humsaidia mama pia.

6. Watu waliomo na saa ya tukio. Usiku, mwisho wa juma na siku za sikukuu, watumishi huwa wachache na wamechoka, na maabara huchukua muda kujibu. Hii ni sababu nyingine ya kutongoja ugonjwa ugeuke kuwa dharura ya usiku.

7. Damu katika benki ya damu. Hakuna ustadi wa daktari unaoweza kuchukua nafasi ya painti ya damu ambayo haipo.

KARATASI MOJA ILIYOOKOA WENGI

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa katika upasuaji. Husomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka. Mgonjwa ni nani? Anapasuliwa wapi? Ana mzio wowote? Anaweza kupoteza damu nyingi, na kama ndiyo, damu iko wapi? Kifaa cha kidole kinafanya kazi?

Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, mmojawapo ukiwa Ifakara katika nchi jirani ya Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo vilishuka kutoka 1.5 katika kila 100 hadi 0.8. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa ya kujivunia. Watu waliulizana tu maswali ambayo kila mmoja alidhani mwenzake ameshauliza.

SEHEMU YAKO WEWE

Mgonjwa mwingi hudhani kwamba akishalala kitandani kazi yake imekwisha. Sivyo. Sikiliza mazungumzo haya, ambayo mfano wake husikika wodini mara kwa mara asubuhi ya upasuaji:

"Mama, umekula chochote tangu jana usiku?"

"La, sista, sijala kitu. Nimekunywa chai tu."

"Chai ya maziwa?"

"Ya maziwa, kikombe kimoja. Binti yangu aliniletea saa kumi na mbili."

Mama huyo hasemi uongo. Kwake, chai si chakula. Lakini kwa tumbo, chai ya maziwa ni chakula, na uji pia ni chakula. Kanuni ya kawaida kwa mtu mzima ni saa sita bila chakula wala kitu chochote chenye maziwa kabla ya nusukaputi. Maji matupu huruhusiwa mpaka saa mbili kabla. Mtoto anayenyonya huachishwa titi saa nne kabla. Daktari wako akikupa masharti mengine, fuata yake. Nawe jamaa unayemhurumia mgonjwa na kumpenyezea uji alfajiri, jua kwamba uji huo unaweza kuishia mapafuni mwake. Na ikiwa umeshakula, sema. Upasuaji kuahirishwa ni usumbufu tu.

Sema pia mambo haya bila kuona haya:

* Dawa zote unazotumia, za hospitali na za miti shamba. Usiache dawa ya presha kwa uamuzi wako mwenyewe; uliza ipi unywe asubuhi hiyo na ipi uache, hasa dawa za kisukari na za kuzuia damu kuganda.

* Pombe, sigara, miraa na dawa za kulevya. Miraa huchochea moyo na kupandisha presha. Mtaalamu wa nusukaputi haulizi ili akushtaki kwa chifu au kwa mke wako. Anauliza ili apime dawa sawasawa.

* Ukipanda ngazi au kilima kidogo unapungukiwa na pumzi? Unalala kwa mito mitatu? Miguu inavimba? Uliwahi kuzimia? Hayo ni maneno ya moyo.

* Kama una ugonjwa wa selimundu, au yupo mwenye ugonjwa huo katika ukoo wenu. Oksijeni ikipungua kidogo tu, mgonjwa wa selimundu huumia kuliko wengine.

* Kama wewe au ndugu wa damu aliwahi kupata taabu kwa dawa ya usingizi: kuchelewa sana kuamka, kupandwa na joto kali, au kufariki mezani. Kuna hali adimu za kurithi ambazo dawa fulani huziamsha, na daktari akijua hutumia dawa nyingine.

* Kama una mimba, au unadhani unayo.

Ondoa meno ya bandia, pete na rangi ya kucha. Hina nyeusi vidoleni nayo inaweza kukizuia kile kifaa cha kidole kusoma sawasawa, kwa hiyo kina mama wanaotarajia upasuaji wa mpango waache kidole kimoja au viwili bila kupakwa.

Ikiwa upasuaji si wa dharura, tumia majuma yaliyobaki vizuri. Pima damu mapema. Ukiwa na upungufu, tibiwa kwanza. Tuliza presha na sukari. Acha sigara. Na jamaa zako wakiombwa kutoa damu, wasitoroke. Mtu mzima mwenye afya na uzito wa kilo 50 au zaidi kwa kawaida anaweza kutoa.

MASWALI UNAYORUHUSIWA KUULIZA

Fomu ya idhini inaitwa ya idhini kwa sababu unayo haki ya kuelewa kabla ya kutia sahihi. Uliza kwa heshima: Daktari, ni nani atakayenipa nusukaputi? Je, sindano ya mgongo inaweza kutosha badala ya kulala kabisa? Damu ya kundi langu ipo? Hatari yangu mimi, kwa hali yangu hii, ni kubwa kiasi gani? Nikishatoka thieta nitaangaliwa wapi, na nani? Nikingoja badala ya kupasuliwa sasa, nini kitatokea? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu, na daktari mwema hachukizwi.

BAADA YA THIETA

Watu huangusha pumzi ya faraja wanapomwona mgonjwa wao akisukumwa kurudishwa wodini. Lakini uchunguzi ule wa nchi 25 za Afrika ulionyesha kwamba zaidi ya vifo 9 katika kila 10 vilitokea kuanzia siku iliyofuata upasuaji. Damu huendelea kuvuja ndani polepole, viini huenea, pumzi hudhoofika, na katika wodi yenye wagonjwa wengi na muuguzi mmoja au wawili, hakuna anayeona mpaka moyo usimame.

Hapa jamaa anaweza kuokoa maisha. Mwite muuguzi mara moja ukiona mgonjwa anahema haraka au kwa shida, anatokwa na jasho la baridi, midomo imebadilika rangi, bandeji imelowa damu, mkojo umekoma, haamki akiitwa, au anaanza kupayapaya. Usiambiwe "ni dawa tu" na watu wa kitanda cha jirani ukanyamaza. Muuguzi aje aangalie mwenyewe.

Na ikiwa moyo wa mgonjwa wako ulisimama akafufuliwa, jiandae kwa safari. Huenda akalazwa chumba cha wagonjwa mahututi akisaidiwa na mashine ya kupumua. Mbavu zinaweza kuwa zimevunjika kwa kubonyezwa kifua. Hiyo ni dalili kwamba kazi ilifanywa kwa nguvu inayotakiwa. Anaweza kuamka akiwa amesahau mambo au amechanganyikiwa kwa siku kadhaa. Wengi wa wanaotoka hospitalini baada ya tukio hilo hurudia maisha yao. Mwombe daktari akueleze kilichousimamisha moyo, na hakikisha jambo hilo limeandikwa katika karatasi za kumtoa hospitalini, ili siku nyingine akihitaji upasuaji wahudumu wajue.

Basi, msomaji, ukiambiwa upasuliwe, usikimbie wala usijitoe tu kama kondoo. Nenda mapema wakati mwili ungali na nguvu, sema ukweli wote, funga kula kama ulivyoagizwa, uliza maswali yako, na hakikisha yupo wa kukaa nawe usiku ule wa kwanza.

Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutazungumzia upungufu wa damu: dalili zake, vyakula vya kuuzuia, na kwa nini kina mama wajawazito huathirika zaidi.